Kanda ya Bombei kwa Arusi ya Swaumu

Jumatatu, 5 Julai 1993. Handeni.

Nina miaka sabini na nane. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaondoka, mkonge umeanguka bei, duka la kaya limefungwa, wake wawili nimewazika. Mimi nipo. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu.

Naandika kwa hasira. Jumapili anaolewa Swaumu, binti wa mwanangu Faraji. Ni mjukuu wangu, na kwa utani wetu ni mke wangu mdogo. Tangu anatambaa ananiita mume wangu. Katika ukoo huu mwali hatolewi nje mpaka mimi niweke santuri ya Kihindi kwenye gramafoni. Nimetoa mabibi arusi tisa. Leo Faraji kaja, kaangalia chini, kasema muziki wote atapiga Mhina.

Mhina! Jirani huyu juzi tu alikuwa anauza mihogo ya kuchoma Mkata. Biashara zimefunguliwa, kapata redio ya deki mbili toka Dubai, anajiona waziri. Anatangaza kwamba gramafoni yangu inakoroma kuliko mimi.

Nimemwambia Faraji wimbo wa kumtoa mwali ni wangu. Kasema haya baba, mmoja tu, lakini si kwa gramafoni.

Jumatano, 7 Julai.

Korogwe. Nimebeba gramafoni kichwani mpaka duka la redio karibu na stesheni. Mwenye duka, Mhindi wa makamo, kaipapasa, kasema marehemu baba yake alikuwa na kama hii. Tukabadilishana. Yeye gramafoni na santuri zangu zote, mimi redio kaseti. Usoni sikuonyesha kitu.

Nikataka kanda. Akatoa za sinema, kama kumi. Nikazikataa, hizo Mhina anazo. Nikataka ambayo Handeni nzima haijasikia. Akamwita binti yake, karudi karibuni toka masomoni Bombei, kavaa fulana nyeusi. Binti kasema anayo moja, albamu mpya kabisa, vijana wa Bombei wameirekodi studio mwaka huu huu. Muziki wenyewe unaitwa hevi meto. Akasema babu, haya ni magitaa na kelele, hii si ya arusi. Akataka niisikilize kwanza. Nikamjulisha kwamba muziki wa Kihindi nimeanza kuusikiliza kabla baba yake hajaota ndevu. Kafurahi, kanipa bure.

Picha ya kwenye kanda: watu wanne, nywele hadi kiunoni, na fuvu la mtu. Hao wenye nywele ni wacheza ngoma wa kike. Fuvu nalo naelewa. Kwenye sinema ya Kihindi lazima mtu afe kabla ya mapumziko.

Ijumaa, 9 Julai.

Nimeanika betri juani. Mke wangu Mwaija ananisumbua niijaribu kanda. Hajui vita. Mhina yuko nyuma ya ukuta, ana deki mbili, akisikia tu atarekodi. Nimeifunga kwenye kitambaa, nalala nayo kifuani.

Baada ya swala nimewatangazia watu nje ya msikiti kwamba Jumapili watatoa machozi.

Jumapili, 11 Julai.

Ua umejaa. Swaumu kafunikwa kanga, yuko mlangoni. Nikabonyeza.

Kwanza ngoma, kama mabati yanamwagwa toka kwenye lori. Halafu magitaa. Halafu mtu akaunguruma. Watoto mbio. Shangazi wa bwana arusi akaangusha sinia la pilau. Mshenga akauliza kama redio inaungua. Mhina akaja na adabu zake zote, shikamoo mzee, nikusaidie kuzima? Nikamjibu huu ni utangulizi, wimbo wenyewe unakuja.

Haukuja.

Swaumu akasema chini ya kanga, taratibu: mume wangu, zima. Mhina asingekuwa amesimama pale ningezima. Nikaongeza sauti.

Akarudi ndani. Akatolewa mara ya pili kwa wimbo wa Mhina. Vigelegele nilivisikia nikiwa nje ya ua, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliyenifuata ni Salaash peke yake, Mmasai anayetuletea maziwa. Kasikiliza upande wa kwanza wote, kaegemea fimbo yake. Mwisho akasema huyu mtu anayelia, ng'ombe wake wameibwa wote. Tukageuza upande wa pili.

Jumatatu, 12 Julai.

Swaumu kaondoka na mumewe kwa basi. Nilikuwa stendi tangu alfajiri. Kapiga goti vizuri, kasema shikamoo babu.

Babu.

Nikaitika marahaba. Basi likaondoka.

Mwaija kasema nadhani sasa umejua ulichofanya. Najua. Betri hazikuota jua la kutosha, ndiyo maana sauti ilikwaruza.

Alhamisi, 15 Julai.

Nimefikiri siku tatu. Kosa lingine: redio ndogo. Muziki mkubwa namna ile unataka redio kubwa.

Shamsia, mdogo wake Swaumu, anaolewa mwakani. Faraji keshamwahidi Mhina. Tutaona. Nimemtuma kondakta wa basi kwa yule binti wa Korogwe: vijana wa Bombei wakitoa albamu nyingine aniwekee, asimpe mtu, na asihangaike kunisikilizisha. Swaumu atakuja kwa mdogo wake. Atausikia vizuri, ataniita jina langu la utani.

Anayesema muziki ulikuwa mbaya akamuulize Salaash, aliusikia pande zote mbili. Ila juzi kaswaga ng'ombe kuelekea Kiteto, na hakusema anarudi lini.