Everest Kupitia Loresho

Jumapili, 4 Mei 2025
Ndegwa tena! Kasimama kanisani hapa Riruta na cheti chake cha Mlima Kenya, eti alifika kilele cha Lenana kabla jua halijachomoza. Waringa akapiga makofi mpaka Biblia ikamwanguka. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikatangaza kwamba Ijumaa naondoka kwenda Everest. Waringa akanigeukia. Mara ya kwanza tangu Krismasi! Nampenda huyu msichana, basi.

Jumanne, 6 Mei
Mpango tayari. Binamu yangu Jamleck anatunza boma la Bi Vidya kule mtaa wa Loresho, hapa hapa Nairobi. Nitajificha chumbani kwake mwezi mzima, nirudi nimekonda. Tatizo: Mama Hannah, mwenyekiti wa kina mama, amesema hakuna mtoto wa kanisa anayekwenda ng'ambo bila kusindikizwa. Wamekodi basi. Ndegwa atanibebea begi.

Ijumaa, 9 Mei
Uwanja wa ndege. Nyimbo, maombi, picha, maombi tena. Waringa akanipa kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Almanusura nilie. Nikawaaga, nikazunguka hadi mkahawa wa upande wa pili kungoja waondoke. Wapi! Walipungia mkono kila ndege iliyopaa, hadi jioni. Niliona aibu. Chai ilikuwa nzuri, lakini.

Jumatano, 14 Mei
Waringa anataka picha ya kilele! Nikapanda tanki la maji la Bi Vidya. Shuka nyeupe miguuni, kofia kichwani, mawingu nyuma. Picha safi! Kisha nikatazama chini. Nikalala kifudifudi, nikang'ang'ania mfuniko. Nilikuwa nimesahau kwamba naogopa hata kitanda cha juu. Bi Vidya akatoka nje akipiga kelele: "Jamleck, huyo ni nani juu ya tanki yangu?" Jamleck naye, mjinga, akampigia simu mtu pekee anayemjua mwenye kamba. Ndegwa akaja. Na Waringa! Nilishushwa kama gunia la viazi. Waringa hakucheka. Aliomba tu kofia yake. Hilo limeniuma sana.

Jumapili, 18 Mei
Ndegwa kashangiliwa kanisani kwa kuniokoa. Waringa kando yake. Kofia yangu kichwani mwa Ndegwa! Nilikusudia kutubu, naapa. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasema tanki lilikuwa mazoezi tu. Everest siku hizi imejaa watu. Mwezi ujao naenda mlima wa K2, mgumu zaidi. Waringa akageuka! Mama Hannah akauliza: "Sasa Mbugua, basi ikuje saa ngapi?"