Namna Nilivyoipata Ramani ya Bustani

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Siku kubwa! Leo nimemmaliza Salum, ingawa mwenyewe bado hajui.

Huu ni mwaka wa tatu nauza soda na bia bandani kwangu, kando ya bustani ya umma ya mtaa wetu, tangu waliponipunguza kazi kwenye bohari ya pamba. Banda nililijenga mwenyewe, bila kumsumbua mtu yeyote ofisini. Ndilo linalosomesha watoto wangu wanne. Mwezi uliopita akaja huyu Salum, kijana wa juzi tu, akafungua kioski pembeni yangu. Friji! Mwavuli mwekundu! Redio kaseti! Wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya samaki, ambao nimevumilia harufu yao ya sangara miaka yote, sasa wananipita kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Soda zangu nazipoza kwenye ndoo ya maji. Wanasema za moto. Jana zimetoka mbili, na moja nimekunywa mimi.

Kila asubuhi Salum ananiamkia: shikamoo, mzee Maige. Kwa adabu kabisa. Inaniudhi mno.

Leo nikinyoa ndevu, wazo likanijia. Mwavuli wake umefunika benchi la bustani! Maana yake kioski kiko ndani ya bustani! Bustani ya umma ina ramani, ramani iko halmashauri, na mwananchi ana haki ya kuiomba. Nimejikata kidevu kwa furaha. Mke wangu Sabina ameuliza kwa nini nisinunue barafu tu. Sabina haoni mbali.

Jumanne, 6 Septemba

Nimekwenda halmashauri na suti ya harusi. Masijala nimemkuta mama mmoja, Gladness, miwani yake ameining'iniza kwa kamba shingoni. Nimemwambia nataka ramani zote na kumbukumbu zote za bustani yetu. Akauliza mimi ni nani. Nikasema mwananchi. Akasema wananchi ni wengi, niandike barua. Humo nieleze sababu, nichore mahali ninapofanyia biashara, na jirani ninayepakana naye aweke saini kushuhudia kwamba ananifahamu. Ndiyo taratibu.

Jirani ninayepakana naye! Mbele yangu barabara. Nyuma bustani. Kushoto mwamba mkubwa kuliko nyumba. Kulia Salum.

Alhamisi, 8 Septemba

Ushindi wa kwanza. Barua imekamilika, kurasa mbili, mwandiko wa bohari. YAHUSU: WAVAMIZI WA BUSTANI YA UMMA. Jina la Salum sikulitaja, mimi ni muungwana. Mchoro nao safi sana. Banda langu nimelichora kubwa, na bendera juu, ili wakubwa wasipate shida kuliona.

Barua nimeikunja, ikabaki sehemu ya saini tu, nikampelekea Salum. Nikamwambia ni mambo ya usafi wa mtaa. Hata hakuikunjua. Alisema mzee wake akimwambia asaini, yeye anasaini. Akanifungulia na soda. Nimeinywa ili asishtuke. Ilikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Nikanywa na ya pili.

Nikitoka pale nilihisi kitu kinanichoma kifuani. Ni gesi.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimefunguliwa jalada! Jina langu limeandikwa juu kwa wino mweusi. Nani mwingine mtaani kwetu ana jalada halmashauri? Salum hana.

Gladness aliutazama mchoro wangu muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akaeleza kwamba malalamiko ya uvamizi yakishapokelewa, mpima ardhi lazima aje kupima, hapo hakuna kurudi nyuma tena. Akaniambia hakuna haraka, naweza kwenda na barua yangu nyumbani nikaitafakari. Nimemwambia nimetafakari vya kutosha. Akashusha pumzi, akagonga muhuri. Nadhani alikuwa ananionea wivu kwa ule mwandiko.

Jumatano, 14 Septemba

RAMANI! Kubwa kama shuka. Na kumbukumbu zake: miti arobaini, mabenchi kumi, jukwaa la wapiga tarumbeta. Leo tuna miti mitatu, benchi moja na mbuzi wa mwenyekiti wa mtaa.

Nimeitundika bandani. Ina mistari mingi kidogo na namba ndogondogo, lakini mtu aliyesoma anaelewa. Huu mstari mnene ndio mwisho wa Salum. Sabina akaweka kidole kwenye kona moja, akauliza kama hii alama si mwamba wetu. Nikamwambia asinichafulie ramani.

Mpima anakuja Ijumaa. Nimealika mtaa mzima waje washuhudie. Nimetangaza soda za bure.

Ijumaa, 16 Septemba

Mtaa wote ulikuja. Mpima anaitwa mzee Mihayo, mtu mkimya. Akatoa utepe wake, akasema ataanzia kwenye mwamba kwa sababu mwamba ndio kona ya bustani. Nikasisitiza kushika ncha ya utepe mwenyewe. Jambo hili ni langu!

Akanituma niuvute kuelekea kwa Salum. Nikavuta. Nikaingia bandani kwangu kwa mlango huu, nikapita kaunta, nikapita kreti, nikatokea dirishani na utepe wangu mkononi, watu wakinishangilia. Hatua nne kabla ya kioski cha Salum, Mihayo akaniambia nisimame. Mpaka ni hapo. Nikauliza bustani ni ipi sasa. Akasema ni hiyo yote niliyoipita.

Ala! Kaunta yangu ni njia ya watembea kwa miguu. Stoo yangu ni maua. Kioski cha Salum kiko nje ya bustani, kwenye kiwanja alichopangishwa, na hati anayo mfukoni. Benchi nalo kumbe mtu alilisogeza kufuata kivuli.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakanywa soda zangu zote, na bado wakasema za moto. Kisha Mihayo akasoma barua yangu kwa sauti, maana shahidi lazima asikie alichosaini. Mvamizi aondolewe mara moja, bila huruma. Shahidi: Salum. Salum alinitazama tu.

Nimepewa siku kumi na nne nibomoe. Humu hasomi mtu, basi niseme kweli. Niliona aibu. Nikawafikiria watoto na shule, nikakaa kwenye kreti tupu hadi wote walipoondoka.

Hata hivyo, nani aliyeleta sheria mtaani? Ni mimi.

Jumapili, 18 Septemba

Salum amekuja nyumbani. Shikamoo, mzee. Nimeitikia marahaba nikiwa nyuma ya mlango. Akasema kiwanja chake ni kirefu, nusu yake haitumii, nihamishie banda langu huko. Na soda zangu ziingie kwenye friji yake, rafu ya chini ina nafasi.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema si amesaini kwamba ananifahamu? Basi ananifahamu.

Sabina amelia. Na mimi pia, kidogo, jikoni.

Jumamosi, 24 Septemba

Ushindi mtupu! Banda limehamia, limepigwa rangi ya buluu. Soda baridi! Wafanyakazi wa minofu wamerudi, wananiita mzee wa ramani, na kila mmoja anataka nimsimulie habari ya dirishani. Kreti zimekwisha kabla ya saa sita mchana. Salum amepunguza sauti ya redio yake ili wanisikie vizuri. Watoto Jumatatu wanakwenda shule na viatu vipya. Ukiangalia vizuri, hili ndilo nililolipanga tangu mwanzo.

Jumatano, 28 Septemba

Nimeamka mapema, nikapima kiwanja kwa hatua zangu. Upande wa Salum hatua kumi na mbili. Upande wangu kumi na moja! Na bado kivuli cha mwavuli wake kinavuka kuja kwangu kila alasiri, bila ruhusa.

Nimevaa suti, nimekwenda halmashauri. Nimeomba ramani zote na kumbukumbu zote za kiwanja cha Salum. Yahusu: uvamizi. Mahali pa biashara ya mlalamikaji: ndani ya kiwanja cha mlalamikiwa. Gladness amevua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Nimemwambia agonge muhuri kwa nguvu.