Kuhusu Maziwa Mnayosema Watoto Wangu Hawakunywa

Ndugu Mkurugenzi wa Marejesho ya Maziwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi vizuri. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa hasira, ambayo nimeikalia siku tatu nikingoja ipoe ili niandike kwa adabu. Haijapoa, lakini muda wa kukata rufaa unaisha Ijumaa.

Huenda hunijui. Mimi ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita jirani yangu aliniomba nimshikie mtoto, "dakika mbili tu, dada, naenda dukani." Alirudi magharibi. Kesho yake akamleta tena, pamoja na mdogo wake. Leo nina watoto kumi na watano, cherehani imefunikwa shuka, na chumba cha kushonea kimekuwa kituo cha kulelea watoto kilichosajiliwa na ofisi yako mwenyewe. Wifi yangu ndiye mpishi. Wazazi wetu ni watu wa kutoka asubuhi: dereva, muuguzi wa zamu, wauza mitumba wawili, na dada mmoja anayefua nguo za watu, ambaye hunikabidhi mwanawe kabla jua halijatoka, mtoto hajatia kitu tumboni.

Ofisi yako ilisema: mpe kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kikombe kimoja cha maziwa saa nne asubuhi, lipa kwanza kwa fedha yako, kisha tutakurejeshea. Nikalipa, mkarejesha, nikawaombea dua. Sasa nimepata barua yenye mhuri mkubwa kuliko maelezo yake, inayosema marejesho ya miezi mitatu yamekataliwa kwa kuwa "hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba watoto walikunywa maziwa husika." Muuza maziwa naye, ambaye sasa ananidai, ameniambia kwa upole, akiwa ameshika birika lake, kwamba kuanzia Jumatatu hatapita tena mlangoni kwangu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu maziwa yaliyomwagika. Mwaka jana mkaguzi wenu aliniuliza kama kuna maziwa yanayomwagika. Mimi ni mtu mkweli, nikasema yapo. Tuna mtoto tunamwita Bomba. Hunywa vizuri kabisa, lakini mwenzake akimkonyeza tu anacheka, na maziwa hutokea puani. Mkaguzi akachomoa kalamu. "Hayo yanayotoka puani," akasema, "yanakuwa yameshamezwa au bado?" Nikamwambia, sijui, baba, muulize mwenyewe. Akainama, akamuuliza. Bomba akacheka. Shati la mkaguzi nililifua mimi, na sabuni sijaidai hadi leo.

Tangu siku hiyo nikaagizwa kutoa kwenye hesabu kila tone lililoanguka sakafuni. Basi mimi, mwenye goti bovu, nikawa napiga magoti kila siku nakamua dekio ndani ya kikombe cha kupimia. Wifi alisimama mlangoni na mwiko wake akanitazama. "Wifi," akasema, "watu wanakamua ng'ombe, wewe unakamua dekio." Nilikuwa nasoma mistari ya kikombe.

2. Kuhusu umri. Kuna mtoto tunamwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Alitimiza miaka mitano siku ya Jumatano, na mama yake, mwenye kumbukumbu kali, anasema alizaliwa saa nne na robo asubuhi. Maziwa hutolewa saa nne. Nilipiga simu ofisini kwenu kuuliza nifanye nini. Kijana aliyepokea alinisubirisha muda mrefu, akaenda kuuliza wakubwa, akarudi na jibu: anywe hadi saa nne na dakika kumi na nne.

Nilitii, Ndugu Mkurugenzi. Nilisimama na saa mkononi, na ilipofika dakika ya kumi na nne nikamnyang'anya kikombe kikiwa nusu. Sitaki kueleza kilichofuata. Itoshe kusema kwamba fundi seremala wa nyumba ya pili aliingia bila kubisha, nyundo mkononi, akidhani tumevamiwa na majambazi. Spika alilia mpaka wenzake wote wakamsindikiza. Mimi mwenyewe niliingia stoo nikafuta macho, maana sijawahi kumnyang'anya mtoto chakula, na nilifanya hivyo siku ya kuzaliwa kwake. Alipomaliza kulia alinipa mgongo hadi jioni. Hili naomba muombe radhi ninyi, kwa maandishi, kwa herufi kubwa, kwa kuwa bado anajifunza kusoma.

3. Kuhusu shahidi. Baada ya hapo mkasema mkaguzi lazima ashuhudie unywaji kwa macho yake. Akaja. Viti vyetu ni vya watoto, lakini alikataa kusimama, akasema sheria inamtaka akae usawa wa macho ya wanywaji. Akakaa. Watoto walimtazama, wakavitazama vikombe, wakafunga midomo. Binti wa muuguzi, ambaye ana miaka mitatu na hana woga, akamwambia, "Kunywa wewe kwanza." Wote wakaitikia: kunywa! kunywa! Mkaguzi akaniangalia kwa huruma. Nikamjazia kikombe, akanywa, wakampigia makofi, nao wakanywa mpaka tone la mwisho. Alipoinuka akainuka na kiti, na tulihitaji watu wawili na mafuta kidogo ya kupikia kumtenganisha nacho.

Taarifa yake niliyoletewa wiki iliyofuata haikutaja kiti. Ilisema: "Kikombe kimoja cha maziwa hakijulikani kilipo."

4. Kuhusu fomu. Ili kikombe kisipotee tena, mkaleta fomu ya kila mtoto, ya kila siku, ijazwe kabla mtoto hajagusa kikombe. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, rangi ya kikombe, joto la maziwa, na sahihi ya mnywaji. Ukimtoa Spika, watoto kumi na wanne, fomu kumi na nne. Nimezijaza miezi mitatu bila kuruka hata siku moja. Naziinamia kuanzia saa nne, na nikiinua kichwa vikombe vyote ni vitupu na midomo yote imeridhika. Kuhusu sahihi, wengi hutia kidole gumba. Mmoja, ambaye baba yake ni karani wa mahakama, anakataa kusaini mpaka asomewe yote. Nimemsomea kurasa mbili kila siku. Alilala mara nyingi, lakini hakukubali.

Ni fomu hizi hizi, Ndugu Mkurugenzi, zaidi ya mia nane, ndizo mnazosema si ushahidi.

5. Kuhusu ushahidi wenyewe. Kama karatasi hazitoshi, tazameni mashavu. Mtoto wa dada mfuaji alikuja hapa nikimshika mkono nahesabu vifupa. Katika miezi hii mitatu mnayoikataa amenenepa, kaptura nilizomshonea hazimfai, na juzi alimwangusha Bomba katika mieleka. Mama yake alinishika mikono yote miwili. Sasa niambieni, kama hayo si maziwa, ni nini? Upepo?

Kwa hiyo naomba kwa heshima mambo manne. Marejesho ya miezi mitatu yalipwe yote. Ofisi ituletee wakaguzi kumi na wanne, mmoja kwa kila mnywaji, waje na viti vyao. Nilipwe posho ya ukarani kwa fomu, na posho ya goti kwa dekio. Na iwapo hata hapo mtakuwa na shaka, basi wewe mwenyewe uje uishi hapa kwetu muhula mmoja. Kitanda kipo, kirefu cha kutosha mtu mzima akikunja miguu. Utaamka nasi, utaimba nasi wimbo wa kunawa mikono, na saa nne utaona kwa macho yako jinsi watoto wa kituo hiki wanavyokunywa maziwa. Nimeweka heshima yangu juu ya jambo hili, pamoja na cherehani yangu, ambayo nitaiuza kabla sijaruhusu mtu aseme mimi ni mwongo.

Nisalimie makarani wote, yule kijana wa simu, mkaguzi na familia yake, na mgongo wake. Watoto wanawasalimu, isipokuwa Spika.

Wako katika utumishi na uvumilivu,

Mama Mlezi,
Nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha matofali

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha ndipo wifi akaomba nimsomee barua. Alisikiliza vizuri hadi namba tano, kisha akakaa chini. Anasema tangu fomu zianze, nikimaliza kujaza maziwa yanakuwa yamepoa na yameweka utando, na watoto hawayataki hata kwa viboko. Yeye huyakusanya kimya kimya nikiwa nimeinama, akawapa mayai na ndizi zilizopondwa, maana hakutaka kunivunja moyo nilivyokuwa nimejitolea na kalamu. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sijivunii, mayai hayo yananunuliwa na nani. Anasema maziwa huyagandisha kwenye chungu hadi kesho yake, na kila siku saa saba mchana huyapeleka ofisini kwenu kwa mlango wa nyuma na kuyauza kikombe kikombe, na hakuna siku amerudi na hata tone. Anakusalimu sana. Anasema mteja wake mkubwa ni wewe, wa vikombe viwili, na anauliza kama kesho akuwekee sukari au bado daktari amekukataza.