Funguo za Stoo na Breki Inayosugua

Jumatatu, tarehe 3

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Nimekwenda kazini kwa skuta ya umeme. Ya kusimama, nyeusi, inakunjwa katikati kama mwavuli. Hatimaye!

Niandike sababu, nisije nikasahau. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha kushona sare. Funguo za stoo zinaning'inia kiunoni mwangu, na mpaka nifungue hakuna uzi, hakuna kitambaa, hakuna kifungo. Mafundi wote wanakaa mbele ya vyerehani wakitazamana. Wiki iliyopita walitazamana mara mbili. Kosa la mabasi, si langu. Mama Meneja akaniita ofisini. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba nikichelewa mara moja tena funguo zinakwenda kwa Mkasi.

Mkasi! Dada mkata vitambaa wetu. Anakuja kwa baiskeli kuukuu yenye kapu mbele, anafika mlinzi bado anakunywa chai, kisha anakaa kwenye ngazi akipiga mluzi. Mluzi wa mtu anayengojea funguo za mwenzake.

Kijitabu cha skuta nimekisoma mara mbili, na kalamu mkononi. Betri ina vijiti vitano kwenye kioo. Nimeondoka na vitano, nimefika na vitatu. Wakati wa kurudi kuna kilima. Nyumbani nimeingia na kijiti kimoja kinachopepesa, nami napepesa nacho. Inatosha, lakini kwa roho juu juu.

Mke wangu ameuliza kama skuta ndiyo iliyonibeba au mimi ndiye niliyeibeba. Kwenye kilima tulibebana.

Jumanne, tarehe 4

Sikulala vizuri. Mke wangu haruhusu betri ichajiwe watu wamelala. Kijitabu nacho kinasema vivyo hivyo, kwa hiyo nimeshindwa na wawili. Soketi ya jikoni ni moja. Nikachomeka, akachomoa achemshe maji. Nikachomeka, akachomoa apige pasi sare za watoto. Akasema watoto hawatakwenda shule na mikunjo eti kwa sababu baba yao ana kichezeo. Kichezeo! Nimeondoka na vijiti vinne.

Nikaamua kufupisha safari. Njia ya baiskeli inazunguka mbali. Njia ya waenda kwa miguu inakata moja kwa moja hadi kwenye makutano. Nikakata. Nani alikuwa kwenye makutano? Shemeji! Kaka mkubwa wa mke wangu, askari wa barabarani, mtu ambaye kila Jumapili anakula kwangu na kuongeza. Nikampungia mkono. Akanipulizia filimbi.

Nilimnong'oneza kwamba shemeji, ni mimi. Akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo kwamba ananiona vizuri sana, na anaona pia kwamba sina helmeti, taa imezimwa, na nimepanda mahali pa akina mama na mizigo yao. Nikamweleza kwamba taa nimeizima ili kubana betri. Akasema ushemeji tutauongea Jumapili mezani, hapa tuko barabarani. Akaniamuru nishuke, niisukume hadi njia ya baiskeli. Watu wamesimama wanaangalia. Mwanamke mmoja akamwomba anisamehe, nina sura ya mtu mwenye shida nyumbani.

Hapo ndipo Mkasi alipopita, wima juu ya baiskeli yake. Akapiga kengele mara mbili. "Pole na msafara, bosi!" akasema, na kwenda zake.

Nimeingia getini king'ora cha kazi kinalia. Sikuchelewa! Lakini jasho lilifika hadi kwenye soksi.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata suluhisho. Nashangaa halikunijia mapema. Kuchajia kazini!

Nyuma ya stoo, kwenye ukuta wa wapiga pasi, kuna soketi isiyotumika. Nikaisukuma skuta nyuma ya marobota ya kitambaa cha kijani, kile cha sare za wauguzi, ambacho hakiguswi mpaka mwezi ujao. Waya wa chaja nikaupitisha chini chini. Hakuna aliyeona. Kila baada ya muda nilikwenda kuhesabu marobota. Mkasi akaniuliza kama yanazaa.

Kabla ya mapumziko wapiga pasi wakawasha pasi zote za mvuke kwa mpigo. Tap! Swichi kuu imeruka. Kiwanda kizima kimya, hata feni zinazunguka kwa kuaga. Nikajitolea kumsaidia fundi umeme kutafuta chanzo. Nikamwongoza upande wa mbali. Tulikagua balbu ya chooni kwa makini sana.

Tuliporudi, Mkasi alikuwa ameushika waya wangu. Anaufuata taratibu kwa kidole, kama anavyofuata mstari wa chaki kwenye kitambaa, mafundi nyuma yake kama msafara wa harusi. Akafika kwenye marobota. Akachungulia. Akaniambia kwa huruma ya kuudhi kwamba bosi, robota lako moja limeota magurudumu. Wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Mama Meneja hakufoka. Afadhali angefoka! Alisema tu kwamba kitu hicho kisichajiwe kiwandani tena. Kisha akatazama kiuno changu. Kiuno, si mimi. Nikazifunika funguo kwa mkono.

Nimerudi na kijiti kimoja. Kilimani nimesukuma.

Alhamisi, tarehe 6

Kama siwezi kuongeza umeme, nitapunguza matumizi. Leo baada ya kazi nimeifanyia skuta ukaguzi kamili uani. Tairi nimezijaza upepo, sawasawa na kijitabu. Kengele nimeing'oa, ni uzito wa bure. Helmeti nimeazima kwa jirani mwenye pikipiki, ili Shemeji anyamaze. Ni kubwa. Nikigeuza kichwa, yenyewe inabaki inatazama mbele.

Kisha nikamgundua mwizi!

Niliinua gurudumu la nyuma nikalizungusha kwa mkono. Likazunguka kidogo, likasimama. Nikatega sikio. Shh, shh, shh. Breki! Skuta hii ina breki moja, nayo inasugua hata usipoibana. Siku zote hizi nimekuwa nikiendesha na breki inaninyonya vijiti vyangu. Nikachukua spana, nikalegeza nati ya waya wa breki. Bado shh. Nikalegeza tena. Bado kidogo. Tena.

Sasa hakuna sauti. Gurudumu linazunguka mpaka mtazamaji anachoka. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaliangalia, akaniuliza kama kazi ya breki si kugusa. Nikamwambia kitaalamu suala hili ni pana. Akasema upana huo nikamweleze kaka yake.

Nalala nikiwa na amani kwa mara ya kwanza wiki hii. Karibu amani.

Ijumaa, tarehe 7

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Ilianza vizuri mno. Kwenye tambarare nilikwenda kama nasukumwa na upepo, na vijiti vinne vyote vimesimama havina wasiwasi. Nilianza hata kupiga mluzi. Kisha ukaja mteremko wa kwenye makutano. Chini kule, Shemeji katikati ya barabara, mkono juu, magari yamesimama. Wanafunzi wanavuka wawili wawili, wameshikana mikono.

Nikabana breki. Mpini ukaja mpaka kwenye usukani, laini, kama unabana mkate. Hakuna kitu! Nikatafuta kengele. Kengele iko kwenye droo nyumbani. Nikapiga kelele, na neno lililonitoka ni moja: "Shemejiiii!"

Akageuka. Uso ule sijawahi kuuona mezani kwangu. Akawanyakua watoto wawili wa mwisho, mmoja kila kwapa, akaruka nao kando. Nami nikakata kushoto. Skuta ikagonga ukingo ikabaki. Mimi nikaendelea. Pale kona yuko muuza mifagio, amepanga mzigo mzima wima. Mifagio ilinipokea yote.

Hakuna mtoto aliyeguswa. Naandika tena: hakuna mtoto aliyeguswa. Kila nikifumba macho naona zile soksi nyeupe.

Nikashika kiuno. Funguo hakuna! Nikaanza kutambaa kwenye mifagio. Shemeji ananiuliza ameinua vidole vingapi, mimi namjibu funguo, funguo. Muuza mifagio anauliza nani atamlipa, namjibu funguo. Ndipo Mkasi akatokea, maana hiyo ndiyo njia yake. Akaegesha baiskeli. Akainama mara moja tu, akaziokota kama vile ni yeye aliyeziweka pale.

Akanitazama. Akazitazama. Nikamwambia azirudishe. Akasema mafundi wanangoja, bosi, na wewe leo huendi popote ila zahanati. Akazitia kwenye kapu, akakanyaga pedali. Mpaka anapinda kona nilizisikia zikilia. Nikamwambia Shemeji amkamate, yule ni mwizi. Shemeji akasema kitakachokamatwa hapa ni skuta.

Zahanati wamesema kifundo cha mkono kimeteguka tu. Muuguzi akanitoa vijiti vya ufagio shingoni. Sare yake ya kijani. Nikageukia ukutani.

Jumamosi, tarehe 8

Nipo kitandani. Namwona Mkasi kila upande. Kiuno chepesi mno.

Jumapili, tarehe 9

Shemeji amekuja na skuta. Ameipeleka mwenyewe kwa fundi, breki imekazwa, kengele akaniamuru niilete niifunge mbele yake. Alikula sahani moja. Hakuongeza chakula, na hapo nikajua mambo ni mazito.

Alipomaliza aliwaita mke wangu na watoto wakae. Akanibanisha breki mara kumi huku wakitazama. Akaniuliza kwenye kivuko nafanya nini. Nikasema napunguza mwendo, nasimama. Akauliza nasimama kwa kutumia nini. Nikasema breki. Akauliza taa naiwasha lini, nikasema giza likianza. Watoto wangu wakawa wananisahihisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wale wawili aliowabeba, mmoja amevaa viatu kama vya binti yangu, na alipomwinua alidhani ni yeye. Mke wangu akatoka nje.

Niliona haya. Haya ya kweli. Nilisema sitarudia, na wakati nikisema nilimaanisha.

Akaomba spana zangu zote. Akaziweka kwenye mfuko wake, akaondoka nazo.

Jumatatu, tarehe 10

Nilikwenda kwa basi, tayari kufukuzwa. Nilifika mapema kabla ya mlinzi kumimina chai. Sikujua la kufanya na muda wote ule.

Mama Meneja akaniita. Nikaanza kujitetea, akanikatiza. Akasema Ijumaa stoo ilifunguliwa kwa wakati, hakuna cherehani kilicholala, kwa sababu mimi, nikiwa nimelala chini na maumivu, nilimtuma Mkasi atangulie na funguo. Mkasi ndiye aliyemwambia. Kwamba pale chini sikutaja mkono, sikutaja mguu, nilikuwa nikitaja funguo tu.

Nikafikiri. Kwa kweli si uongo.

Akasema amefurahi. Ila funguo zitakaa kwa Mkasi hadi mwisho wa mwezi, mkono upone. Nikiwahi kila siku mpaka hapo, bila kukosa hata moja, zinarudi kiunoni kwangu. Nikichelewa mara moja, basi tena.

Nje nikamkuta Mkasi kwenye ngazi. Mafundi wanamwita Mama Stoo. Akaniambia nipone upesi nije nichukue vyuma vyangu, vinamkwaruza ubavu akikata kitambaa. Akanipa nusu ya chai yake.

Sikudanganyika! Ujanja ulioje! Anajifanya mwema mbele ya watu, huku akijua kabisa kwamba mtu wa basi hawezi kuwahi mwezi mzima. Anangoja siku moja tu. Moja! Chai yake niliinywa, lakini kwa tahadhari.

Basi la jioni limesimama barabarani mpaka abiria wakajuana majina. Mambo yako wazi. Kesho nitarudi kwenye skuta. Bendeji nitaivua nikishapinda kona, mke wangu asione.

Nimeitoa uani kuikagua. Betri vijiti vitano, maana Shemeji aliichaji kwake. Taa inawaka. Nikainua gurudumu la nyuma, nikalizungusha, nikatega sikio.

Shh, shh, shh.

Yule fundi ameikaza kupita kiasi. Sijui watu wanasomea wapi. Nimekwenda kwa jirani wa pikipiki kurudisha helmeti, nikaazima spana. Nati nimeigeuza robo tu. Robo si kulegeza, ni kurekebisha. Halafu robo nyingine, ili zilingane.

Sikurudia kosa la Ijumaa, kengele nimeiacha palepale. Safari hii watanisikia.