Nilivyomtangulia Melquíades Mlimani Ausangate

Jumatatu, 8 Juni

Tumeondoka kijiji cha Tinki asubuhi, kuuzunguka mlima Ausangate. Watalii, nyumbu, mahema, na mimi Fortunato, msaidizi wa kiongozi. Msaidizi! Mtu wa kipaji changu! Kiongozi wetu, Mama Saturnina, anastaafu mwakani, na nafasi yake ni yangu. Kikwazo ni kimoja: Melquíades, mchunga nyumbu. Watalii wanampenda mno. Basi nami nikawatabiria hali ya hewa kwa majani ya koka. Nikatangaza jua kutwa nzima. Sijafunga mdomo, mvua ya mawe hiyo! Melquíades akaniuliza kama majani niliyasoma kichwa chini miguu juu.

Jumanne, 9 Juni

Mpango mpya. Nikamwambia Mama Saturnina natangulia kambini kuchemsha chai. Akanionya nisiiache njia ya nyumbu. Nikaapa. Nyuma ya jabali la kwanza nikaiacha. Melquíades angenikuta nimeshamimina chai vikombeni!

Ukungu. Mzito kama uji. Kisha theluji. Nikaona nyayo za mtu, nikazifuata mbio. Zilikuwa zangu.

Vidole vikafa ganzi. Nikamwomba Baba Ausangate, mlima wenyewe, msamaha, nikamtolea biskuti zangu zote. Basi, nusu yazo. Nikamwaza mke wangu Primitiva na mtoto aliye tumboni. Nikalia kweli.

Halafu mluzi. Melquíades!

"We Fortunato, kambi imehamia huku?"

Nikamjibu nakagua njia.

"Haya mkaguzi, lete miguu."

Akanivua viatu, akaipachika miguu yangu tumboni mwake, chini ya poncho, joho lake la sufu. Lile tumbo ni tanuri! Akanipandisha juu ya nyumbu, yeye akatembea.

Jumatano, 10 Juni

Niko hai! Vidole vyote vipo, nimevikagua kimoja kimoja. Supu ya nyama ya alpaka haijawahi kuwa tamu hivi. Melquíades amemwambia Mama Saturnina kwamba nilirudi nyuma kumsaidia kutafuta nyumbu aliyepotea. Mama akanitazama, akamtazama, akaniongezea supu. Asante Mungu. Asante Ausangate. Asante nyumbu. Nikaenda kumshukuru Melquíades.

"Acha bwana," akasema. "Ungekufa, mahema angekunja nani?"

Alhamisi, 11 Juni

Tumeshuka salama kijiji cha Pacchanta. Watalii wanaoga kwenye chemchemi ya maji ya moto. Mama Saturnina ametangaza mbele ya wote: mrithi wake ni Melquíades. Nikapiga makofi kuliko wote. Na kwa moyo mweupe! Mtu aliyekupa tumbo lake huwezi kumwonea kijicho.

Lakini shukrani ya makofi haitoshi. Kesho, kabla hajaamka, nitawapeleka nyumbu wake mtoni, nimpunguzie kazi. Atashangaa! Ili tusichelewe, nimeshawafungua kamba wote jioni hii.