Ndoo ya Zege Katikati ya Meza ya Sikukuu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Mapambo ya Nyumbani,

Pokea salamu za mama wa watu wawili wasiosemezana. Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia saa tatu asubuhi ya sikukuu, nimekaa jikoni, maana kwenye meza ya kulia hapana pa kuweka hata karatasi.

Unisamehe mwandiko. Shule niliiacha mapema, ila gazeti lako nalisoma, na picha nazisoma vizuri zaidi. Wiki iliyopita Bi Mapambo wenu aliandika kwamba meza ya sikukuu ya majira ya machipuko, ikipambwa ipasavyo, huleta familia pamoja. Nikaukata ukurasa ule nikaubandika kwenye kabati la vyombo.

Familia yangu inahitaji kuletwa pamoja, Ndugu. Mwanangu wa kiume ni kinyozi. Miaka miwili iliyopita alimnyoa mtoto wa dada yake kipara, siku moja kabla ya picha ya shule, bila kumwuliza mama mtu. Na huyo mama mtu, binti yangu, ni fundi cherehani mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Tangu siku hiyo mmoja akiingia kwangu, mwingine anatoka kwa mlango wa uani. Leo wamekubali kuketi meza moja kwa ajili yangu, kwa sharti nisiwalazimishe kusemezana. Nikasema sawa. Moyoni nilipanga kuwaketisha wanatazamana, kwa kuwa kinyozi wangu hawezi kumtazama dada yake dakika nzima bila kucheka. Tangu utotoni yuko hivyo.

Sasa malalamiko yangu.

1. Bi Mapambo alisema katikati ya meza tuweke matawi marefu yenye machipukizi, yasimame imara. Hakusema imara kiasi gani. Mume wangu ni fundi mwashi mstaafu, na neno imara likishamwingia hatulii. Aliweka ndoo mezani, akayapima matawi kwa timazi yake ya kunyooshea kuta, akamimina zege. Nilikuwa sokoni. Niliporudi lilikuwa limeshashika, naye anaomba chai.

2. Ndoo ile haibebeki. Zege lililomwagika limekamata kitambaa, kitambaa kimekamata meza. Wanaume watatu wa jirani wamejaribu kuinyanyua. Mmoja sasa anatembea ameinama.

3. Matawi yamekuwa ukuta. Nimekaa kiti cha binti, nikamketisha mume wangu kiti cha kinyozi: nimeona sikio lake moja. Sasa hayo macho yatakutanaje? Watapatana kwa masikio?

4. Vitambaa vya mikono eti vikunjwe mfano wa sungura. Nimekunja saba, siku nzima ya jana imekwisha. Sungura wawili mume wangu ameshawafutia jasho.

5. Nimeihesabu picha yenu kwa kidole. Mishumaa tisa, viota vinne, ndege wa karatasi sita, na kokoto nyeupe ambazo nimeziosha mwenyewe kama mchele. Chakula hakuna hata punje. Watu hakuna. Nauliza kwa heshima, wenye nyumba ile walikuwa wapi? Kama meza ile iliwaleta pamoja, basi iliwaleta pamoja kwa jirani, walikokwenda kula.

6. Viti pichani ni vinne. Sisi tuko saba. Bi Mapambo aniandikie watatu wa kuwatoa, nami nitawaonyesha barua yake, wajue si mimi.

Kwa hiyo naomba Bi Mapambo afike kwangu leo saa saba kamili na nyundo kubwa, aubomoe ushauri wake mwenyewe. Akishindwa, aketi kwenye pembe ya meza awe anapeleka maneno ya wanangu upande huu na upande ule mpaka wapatane. Ikichukua miaka miwili mingine, kitanda kipo, nitamtandikia.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mpigapicha, umwulize alikula wapi siku ile. Msalimie na mama yako mzazi, umwambie kuna mama mwenzake anamkumbuka.

Ni mimi mwenye ndoo,
Mama Kinyozi

N.B. Posta ilifungwa kwa sikukuu, kwa hiyo leo Jumatatu barua bado ninayo. Walikuja. Waliketi. Hakuna aliyemwona mwenzake. Kisha binti akauliza, kama anayeuliza matawi, chumvi iko wapi. Mkono ukatokeza katikati ya machipukizi, umeshika chumvi. Akaipokea. Ndipo kinyozi akasema kwa sauti ndogo, "Dada, zile nywele za mtoto ziliota?"

Nikaacha kutafuna.

"Ziliota," binti akasema. "Njoo Jumapili kwa mama umpunguze. Nimesema umpunguze."

Uso kwa uso wasingethubutu, nawajua. Basi barua hii usiichape, na Bi Mapambo nyundo aiache hukohuko. Ila majani yameanza kudondoka, na leo nilipokaa kiti cha binti nimeona uso wa mume wangu karibu wote. Jumapili wanakuja tena. Naomba jibu la haraka: ni matawi gani yenye majani mengi zaidi? Saruji tunayo.