Luc Atashika Upinde Gani

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita

Hasira tangu asubuhi. Muzee Havugimana, baba ya bwana yangu, ameita watu wote wa parseli, nyumba zetu zote za kiwanja kimoja. Alikaa kwenye kiti chake, gunia katikati ya miguu. Akasema amezeeka, macho yamechoka, na jina lake halina mutu wa kulibeba. Wajukuu wanaume ni wawili: Luc wangu, ambaye bado anatambaa, na Théoneste wa Léonie, muke wa shemeji yangu, ambaye anatembea kama mulevi. Basi siku ya Mungu, baada ya misa, Muzee ataweka pinde tatu kwenye mukeka. Moja kati ya hizo ndiyo aliwinda nayo maisha yake yote kule Masisi. Mutoto atakayeushika huo atapata jina la Havugimana, na upinde utakuwa wake mpaka kufa. Mwanaume anachagua upinde moja tu, akasema. Mwenye kubadilisha pinde analala bila nyama.

Bwana yangu Ruffin akauliza mutoto atawinda nini hapa Mabanga, katikati ya muji, panya? Muzee alimuangalia tu. Ruffin akakumbuka kwamba ana wateja wanamungoja, akapanda moto yake, ile pikipiki ya kubeba watu, akaenda. Ndivyo anavyonisaidia.

Luc hana jina la ukoo. Niandike hilo vizuri, kalamu isikie aibu. Siku alizaliwa tulimupeleka kwa Muzee ili amupe jina. Muzee alimuangalia, akasema atafikiri. Ni sababu mimi ni mutu wa Butembo, na yeye alitaka Ruffin aoe kwao. Luc ameota meno, Muzee bado anafikiri! Hajamubeba hata mara moja. Théoneste ana jina tayari, alipewa jina la Niyitegeka wiki ile ile alizaliwa, na bado Léonie anataka na hili lingine. Mutoto moja majina mawili, mwingine hata nusu.

Sheria: mwanamuke hagusi upinde wa muwindaji. Akigusa, upinde unakufa.

Gunia likafunguliwa. Pinde mbili tu. Moja mwekundu, unangaa, una waya ya shaba. Mwingine mweupe, murefu, kama mutu anayeenda kuimba kwenye korali. Nikauliza wa tatu uko wapi. Muzee akasema uko mahali pake. Labda utatoka Masisi na kamyo ya fromaji, ile lori ya jibini.

Luc alilala mugongoni mwangu wakati wote. Mupenzi wangu. Hakujua kama wanamupangia maisha.

Jumanne, tarehe 11

Lazima nijue upinde wa kweli ni upi. Nikijua, nitamufundisha Luc aushike.

Nimemupikia Muzee maharagi na mafuta ya ngazi, ya mawese. Nikamupa kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikauliza polepole namna gani mutu anachagua upinde moja kwa maisha yote. Alikula kwanza. Akaomba tena. Kisha akasema: "Wewe wa Butembo, upinde wa maisha hauchaguliwi siku uko na nguvu. Unauchagua siku uko na homa. Kama siku ile unaweza kuuvuta, ni wako."

Wewe wa Butembo. Ninapika maharagi yake tangu nilipoingia hapa na bado mimi ni mugeni.

Akaendelea kwamba upinde usipige kelele, nyama ina masikio. Kwamba kazi ikiisha unatolewa kamba, la sivyo unachoka. Akaanza kusema kitu juu ya moshi, lakini Luc alikuwa anakula makala, makaa ya jiko. Nikakimbia. Niliporudi, Muzee alikuwa amelala, kijiko mukononi.

Haizuru. Nimeelewa. Ni ule mwekundu. Mutu akiwa na upinde moja maisha yote, ataupamba na shaba. Mimi niko na kikwembe kimoja, kitenge cha harusi, na ndicho kizuri kupita vyote. Hiyo ni akili ya kawaida, haiombi masomo.

Jumatano, tarehe 12

Sheria inasema mwanamuke asiguse upinde wa muwindaji. Haisemi kitu juu ya upinde wa seremala.

Nilienda kwa Émile, anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, pale barabarani. Nikamuambia nataka upinde, hivi, na nikamuonyesha kwa mikono. Akauliza wa kubeba nini. Nikasema wa kuwinda. Akasema yeye anajua mbao ya kubeba magunia ya viazi kutoka Kibati, na mbao nyingine haijui. Alichonga hata hivyo. Kitu kizito! Aliponipa aliuliza kama sitaki aweke na gurudumu mbele. Watu wote wakacheka. Nilikasirika, lakini nilichukua.

Nyumbani niliupaka rangi nyekundu ya kucha, ile ya harusi, mpaka chupa ikaisha. Nikauweka chini, nikamuweka Luc mbele yake. Akigusa, anapata kipande cha fromaji. Asipogusa, hapati. Mara ya kwanza aliangalia nzi. Kisha akagusa. Fromaji! Akagusa tena. Fromaji! Jua halijapita juu ya kichwa, mutoto alikuwa anakimbilia kile kitu kwa magoti kama motari, mutu wa pikipiki, aliyeona muteja.

Ana akili huyu. Nilimukamata, nikamubusu shingoni mpaka akalia. Siku moja watamuita kwa jina lake lote na atageuka kama mutu mukubwa.

Jumatano, tena

Nilisahau kuandika kwamba Ruffin alirudi, akakanyaga upinde wa Émile, akavimba kidole. Analaumu mimi. Mutu mwenye macho mawili!

Alhamisi, tarehe 13

Taabu. Luc anashika kila kitu chekundu. Asubuhi alishika bidon ya jirani, dumu la maji, akangoja, mudomo wazi. Kisha koti la motari aliyekuja kumuomba Ruffin pompi ya hewa. Kisha mama Béata, mukatekista, mwalimu wa dini, alipita na robe yake nyekundu, gauni ndefu, kusalimia. Luc alipanda kwenye ile robe na mikono yote miwili na akakataa kuachia. Béata alifikiri ni mapendo ya Mungu, akamuombea.

Lakini hiyo si kitu. Nilipita mbele ya mulango wa Léonie, ulikuwa wazi kidogo. Nikaona nini? Théoneste amekaa chini. Mbele yake fimbo ya ufagio, imepakwa unga, nyeupe kabisa. Na Léonie na biskwi mukononi! Mwizi! Mpango wangu, mutoto wake! Hasira ilinipanda mpaka kwenye meno.

Tulikutana kwenye kamba ya nguo. Léonie alikuwa ametandika mashuka yake yote, makusudi, nisipate nafasi.

"Mama Luc," akasema, sauti ya sukari, "naona mutoto wako amejichagulia Béata. Mumuombe yeye jina."

"Na wako atawinda na ufagio, Mama Théoneste. Masisi yote itakuwa safi."

Akaniambia kama sisi watu wa Butembo tunajua kuuza tu, hatujui kuwinda. Nikamuambia nyama anayokula kila Pasaka inauzwa, haitoki kwenye upinde wa bwana yake. Akaingia na kupiga mulango. Ulirudi ukafunguka, ule mulango haufungi. Nilicheka kwa nguvu ili asikie.

Nikafunga kamba yangu mwenyewe. Vitambaa vya nepi vya Luc vilikuwa vizito na maji, kamba ikaanguka mpaka kwenye mawe ya volkano, vitambaa vikawa vyeusi. Nikatafuta fimbo ya kuiinua. Ya kwanza ilikunjama. Ya pili ilivunjika. Ndani ya jikoni, juu ya mbabula, jiko la makaa, nikaona muti moja umelala kwenye mbao za paa. Mweusi na moshi, murefu, kama hauna mwenyewe. Nikauchukua. Ulishika! Upepo wa ziwa ulipiga mpaka jioni, vitambaa vikaruka kama bendera za shule, na ule muti ukakunjama na kurudi, ukakunjama na kurudi.

Kitu kimoja kizuri katika siku hii mbaya.

Jumamosi, tarehe 15

Sijui nianze wapi. Nina hasira na haya.

Muzee aliingia jikoni kuchukua upinde wa tatu. Akaangalia kwenye paa. Akauliza nani amepanda juu ya mbabula. Akatoka kwenye kiwanja, na pale akasimama. Vitambaa vya Luc vilikuwa juu, vingine bado na alama zake. Chini yao, ule muti mweusi.

Ndio huo. Upinde wa maisha yake yote! Umetolewa kamba ili upumuzike, umewekwa kwenye moshi ili wadudu wasiule. Ndiyo ile habari ya moshi aliyotaka kuniambia siku ya maharagi.

Watu wote wakakusanyika. Léonie alishika mudomo na mikono, lakini niliona mashavu yanacheka. Akasema kwa sauti ya huzuni kama sasa upinde umekufa, na si mukono tu ulioushika, hata mikojo. Ruffin akasema upinde unafanana na fimbo, kosa si kubwa. Muzee akamuuliza kama na moto yake inafanana na mbuzi.

Mimi nilijitetea. Nilisema upinde wa maisha unapashwa kuonekana! Mutu ataweka kitu kikubwa namna hiyo juu ya mbabula bila kusema, kama kijiko cha zamani? Nilisema mengi. Nilisema hata habari ya maharagi.

Muzee aliutoa upinde mwenyewe, akakunja vitambaa vya Luc kimoja kimoja, akaviweka kwenye basani ya kufulia. Hiyo ilinikata zaidi kuliko matusi. Akaenda kuuosha upinde na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Jioni hakula chakula changu. Nilimunyonyesha Luc na nikalia juu ya kichwa chake. Nimemuharibia. Mama mwenyewe ndiye amemuharibia.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Misa ilikuwa ndefu. Sikusikia kitu.

Kisha mukeka. Pinde tatu: mwekundu, mweupe, mweusi. Muzee aliuweka ule mweusi kama wengine, kama vile haujakufa. Watu wa parseli nyuma, na Béata na robe yake.

Théoneste kwanza. Léonie alikohoa kidogo. Mutoto akaenda moja kwa moja kwenye mweupe, akauinua, akamupiga Muzee nao kwenye goti, akageuka kuomba biskwi. "Biskwi! Biskwi!" Watu wote wakaelewa. Léonie alianza kutafuta kitu chini.

Luc. Nilimuweka chini, nikasali. Akaangalia upinde mwekundu. Akaangalia robe ya Béata. Robe ilikuwa kubwa zaidi.

Basi ndivyo tulivyokuwa: mutoto wangu anapanda juu ya mukatekista, mudomo wazi, na upinde wa babu yake kwenye mukeka, na hakuna mutu ameushika. Léonie akasema labda Muzee alitunze jina lake kwanza, angoje wajukuu wengine. Hapo kitu kikapasuka ndani yangu. Nikasimama mbele ya wakubwa wote, bila kupiga magoti.

"Muzee, huyu ni damu yako. Kama upinde umekufa, umeuawa na mukono wangu, si na wake. Unilaumu mimi mpaka uchoke. Lakini yeye umupe jina."

Hata Béata aliacha kucheka.

Muzee aliniuliza, polepole, katika fimbo zote za parseli, kwa nini nilichukua ile. Nikasema kwa hasira kama zingine zilikunjama na kuvunjika, na ile ilibeba vitambaa vya maji, upepo wa ziwa ukaipiga siku nzima, na kila mara ilirudi sawa.

Akafikiri. Nilifikiri atafikiri mpaka Luc aoe.

Akasema hata yeye aliuchagua kwa sababu hiyo. Alikuwa kijana, aliuacha kwenye mvua, akaufunga kamba, akauvuta, ukarudi sawa. Zile mbili zingine ni za kuonyesha wageni. Léonie akamukumbusha sheria, kama mwanamuke ameugusa, haufai porini tena. Muzee akasema watu wa Rumangabo, walinzi wa pori, walishakataza pinde zote porini zamani sana, kwa hiyo sheria ilichelewa.

"Aliyechagua amechagua," akasema. "Mama Havugimana, lete mutoto."

Sikujua ni mimi anaita. Ruffin ndiye alinisukuma. Tulimutoa Luc kwenye robe, kidole kwa kidole, nikamuweka kwenye magoti ya Muzee. Akamuita jina, Luc Havugimana, mbele ya watu wote. Luc akamuvuta ndevu, kisha akamulowesha suruali ya misa. Muzee hakumushusha.

Nililia kwa hasira. Miezi yote hii! Kumbe angeweza kusema tangu siku ya kwanza!

Jumatatu, tarehe 17

Mawingu ya asubuhi yamepita. Nimeamuka na akili wazi.

Watu wanasema tulipata jina kwa bahati. Hapana. Bila mpango wangu, Luc hangejua kushika kitu, nisingegombana na Léonie, nisingetafuta fimbo. Mipango inafaa, lakini inapashwa kuanza mapema. Hapo ndipo nilikosa: siku sita ni kidogo.

Leo Muzee amesema ngombe yake kule Masisi imezaa jike. Siku ya Noeli ataleta wajukuu wote wawili mbele ya ile ndama, aone nani haiogopi. Asiyeogopa ataipata. Léonie amekwisha kumupelekea uji, na yeye hajapika uji tangu mwaka jana! Nilikasirika mpaka nikasahau chai kwenye moto.

Hakuna ngombe hapa Mabanga ya kumuzoesha mutoto. Nimerudi kwa Émile, nimemuambia anitengenezee moja ya mbao, kubwa. Hakucheka sana. Aliuliza tu kama naitaka na pembe. Nikamuambia aweke ndefu, mutoto apate mahali pa kushika.